Nilipitwa na Boxer Nikiwa na Pikipiki ya Spoti

Kwa miezi mitatu nilikuwa na nduthi yenye kelele kuliko zote hapa Zimmerman. Nikiiwasha asubuhi, alamu za magari mawili matatu kwenye ploti zinalia. Watoto wananipungia mikono. Mama wa mlango wa nne, mwenye mtoto mchanga, ananiangalia kwa macho ambayo nilikuwa najifanya siyaoni. Nilijiona msee wa maana sana.

Halafu Jumapili moja tukapanda Limuru na mabeshte. Kwenye mlima, nikiwa nimevuta mafuta mpaka mwisho, injini ikaanza kukohoa kama mzee aliyepaliwa na ugali. Nikashusha gia. Ikakohoa tena. Hapo ndipo Boxer ya boda, imebeba abiria mmoja na kreti mbili za soda, ikanipita. Polepole. Mwenyewe alinitazama, akatingisha kichwa kidogo, akaendelea na maisha yake.

Yangu ni Pulsar NS200, ile ya kabureta. Injini ya cc 199.5, inapozwa kwa maji, gia sita, plagi tatu kwenye silinda moja. Karatasi za kampuni zinasema ina nguvu ya farasi 23.5. Boxer kubwa iko kama nusu ya hapo. Sasa niambie mimi nilikuwa nafanya nini nyuma ya kreti za soda.

Wale mnaojua haya mambo mshajua kilichotokea. Wale hamjui, wacha niwaeleze, maana naona vijana wengi wanaenda kulipia kitu kile kile nilicholipia.

Nilikuwa nimefanyiwa kile tunachoita tyuni. Nilipoinunua, mkono wa pili, kitu cha kwanza nilitafuta fundi wa kuifanya "iamke". Kusema ukweli shida haikuwa fundi peke yake. Mimi ndiye niliyeenda na video kumi kwa simu nikimwonyesha vile nataka isikike. Akakata egzosi akaweka bomba fupi. Akatoa boksi lote la chujio la hewa, akafunga kale kachujio ka umbo la koni kanakokaa nje. Kisha akasema kwa vile hewa imeongezeka, lazima mafuta nayo yaongezeke, akatoa jeti kuu ndani ya kabureta akaweka yenye tundu kubwa zaidi. Elfu kumi na mbili. Nikatoka pale nikinguruma kama simba, petroli ikiisha kama maji ya kunawa.

Kitu ambacho hakuna video hata moja kati ya zile kumi iliniambia ni kwamba naishi juu.

Nairobi iko karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Presha ya hewa hapa ni kama asilimia 82 ya ile ya Mombasa. Yaani kila injini inapovuta pumzi, inapata hewa pungufu kwa karibu moja ya tano. Petroli haipungui kiasi hicho, kwa sababu kabureta haijui iko wapi; tundu ni lile lile, iwe Likoni au Limuru. Kwa hiyo hata bila mtu kuigusa, pikipiki ya kabureta hapa kwetu tayari inakunywa mafuta mengi kidogo kuliko hewa iliyopo. Fundi wangu akaongeza mafuta juu ya mafuta. Halafu mimi nikaipandisha Limuru, zaidi ya mita 2,200, ambako hewa ni nyepesi hata zaidi. Hiyo sasa si injini. Hiyo ni stovu ya mafuta ya taa yenye utambi uliopandishwa sana.

Na zile farasi 23.5? Piga hesabu. Asilimia 82 yake ni kama 19. Hiyo ndiyo pikipiki uliyo nayo Nairobi, hata ikiwa mpya kutoka dukani. Injini isiyo na tabo haina pa kukwepea. Nilipojua hili niliumia kidogo, sitadanganya. Nilikuwa nimeshawaambia watu namba ile nyingine.

Nikaamua sirudi kwa fundi. Haikuwa ujasiri, ilikuwa sina doo. Nilikuwa na spana za kuokotaokota, bisibisi moja ambayo mathe hufungulia makopo ya rangi, na simu. Nikamwomba keataka nitumie kakona nyuma ya tangi la maji. Akakubali, sharti nisimwage oili kwenye simiti ya landilodi.

Nilianza na plagi. Kama hutafanya kingine chochote na nduthi yako mwaka huu, fungua plagi uitazame. Ikiwa nyeusi na ina masizi makavu kama tako la sufuria, mafuta ni mengi kuliko hewa. Ikiwa nyeupe kama chaki, mafuta ni machache na injini inapikika kwa joto. Unataka rangi ya chai ya maziwa, ile ya nyumbani, sio ile ya kibanda imechanganywa na maji. Zangu zote tatu zilikuwa nyeusi ti.

Kabureta ilinila jioni tatu. Video inasema dakika arobaini. Kuna skrubu ndogo ya kurekebisha mchanganyiko injini ikiwa imetulia bila kuvuta mafuta. Unatakiwa kwanza uikaze taratibu ukihesabu imezunguka mara ngapi mpaka igote, ndio ukiirudisha uirudishe pale pale. Mimi sikuhesabu. Jeti zenyewe ni za shaba laini, na nilikuwa nimeshika kipande cha waya tayari kuchokonoa tundu, kabla ya kusoma kwamba waya unalipanua, na ukishalipanua umeharibu kipimo chenyewe. Nikazipeleka kwa kijana wa pancha hapo stejini, akazipuliza na kompresa kwa bei ya soda. Halafu kuna kiwambo cha raba, chembamba kama baluni, kinachoinuka injini ikivuta hewa. Hicho usikipulizie ile dawa kali ya kusafishia kabureta. Kinavimba, kinakataa kurudi mahali pake, na utakaa hapo saa mbili ukikibembeleza kama mtoto anayekataa kuvaa sweta.

Kila jeti imeandikwa namba. Namba kubwa, tundu kubwa. Nikaenda Kirinyaga Road nikanunua ya saizi ya kiwanda. Boksi la chujio kwa bahati lilikuwa bado chini ya kitanda. Egzosi ya kiwanda ilikuwa ishakatwa, kwa hiyo hiyo nililipa mara ya pili, elfu saba kwa ya mkono wa pili yenye mikwaruzo. Jumla ya kuharibu na kurudisha: karibu elfu ishirini. Kwa pesa hiyo ningekuwa na tairi mbili nzuri na chenji.

Kale kachujio ka koni nilikatupa. Kabla sijakatupa nilipitisha kidole kwa ndani, upande wa injini, kikatoka na unga mwekundu. Hilo ni vumbi la Mwiki. Linaingia kwenye silinda na linafanya kazi ya msasa, kila mzunguko, ukiwa unafurahia mlio.

Jumanne nikarudi Limuru peke yangu. Sikuambia mtu. Ilipanda. Gia ya nne, ya tano, bila kukohoa, na kwa utulivu kiasi kwamba nilisikia upepo kwenye helmeti kwa mara ya kwanza tangu niinunue. Nilipofika nyumbani, mama wa mlango wa nne alinisalimia. Kumbe anaitikia vizuri tu.

Hapa niweke angalizo moja, maana najua kuna mtu atatoka hapa mbio kutafuta jeti ndogo kuliko hata ya kiwanda ili ilingane na hewa ya Nairobi. Inawezekana, na ukikaa huku juu daima inasaidia. Lakini siku ukiteremka Mombasa nayo, kilomita 480 hivi, hewa inazidi kuwa nzito kadiri unavyoshuka na petroli inabaki ile ile kidogo. Uko Mtito Andei saa nane mchana, umevuta mafuta mpaka mwisho, na pistoni inapikwa polepole bila wewe kujua. Kwa hiyo ukibadilisha, uwe na ile nyingine mfukoni na ujue kuirudisha. Mimi nilibaki na ya kiwanda. Na kama yako ni ya injeksheni, tulia, ina sensa na kompyuta ya kupunguza petroli yenyewe. Farasi waliopotea hairudishi, lakini angalau haikohoi.

Baada ya hapo nikawa fundi. Kichwani mwangu, namaanisha.

Nikaanza kufanya kila kitu nyuma ya tangi la maji. Oili, kwa mfano. Kwenye pikipiki nyingi klachi inaogelea ndani ya oili ile ile ya injini, ndio maana huwezi kumwaga tu oili ya gari iliyobaki kwa ankoli. Oili nyingi za magari zina dawa za kupunguza msuguano, na klachi inaishi kwa msuguano. Ukiitia, unavuta mafuta, injini inalia, na pikipiki haiendi popote. Tafuta chupa iliyoandikwa JASO MA au MA2, habari imeisha. Ile oili chafu usiimwage kwenye mtaro. Nilikuwa nampelekea jamaa anayepaka nguzo za ua kuzuia mchwa.

Cheni ndiyo niliyoipenda zaidi, sijui kwa nini. Labda kwa sababu ukiishughulikia unasikia tofauti siku hiyo hiyo. Nyingi za pikipiki hizi zina vipete vidogo vya raba kati ya viungo, vinafungia grisi ndani. Petroli inavila. Kwa hiyo ni mafuta ya taa na brashi laini, kitambaa, kisha oili ya giaboksi namba 90 kidogo kidogo upande wa ndani, gurudumu ukilizungusha kwa mkono. Kwa mkono! Kuna watu wanawasha injini, wanaweka gia ya kwanza, cheni inajizungusha wao wanashika kitambaa. Kati ya cheni na sproketi kidole ni kitu kidogo sana. Halafu unapima ulegevu katikati ya upande wa chini, kwa rula ya shule, sehemu tatu nne tofauti, kwa sababu cheni haichakai sawasawa. Kipimo kiko kwenye kijitabu. Watu wengi huikaza mpaka inakuwa kama waya wa gitaa wakidhani ndio uzuri, kumbe unapokaa wewe na abiria nyuma inakazika zaidi na inavuta beringi za giaboksi. Na oili chafu ya injini kwenye cheni, samahanini watu wangu wa boda, inabeba vyuma vilivyosagika.

Presha ya tairi ni kila wiki, asubuhi kabla hujaendesha. Hilo halina hadithi.

Sasa breki.

Mathe alikubali hii pikipiki kwa sharti moja: nisimbebe sistangu mpaka mwaka uishe. Mwaka uliisha mwezi wa nane. Sistangu anasoma Juja, na Jumatatu zake za asubuhi ni vita na matatu. Nikamwambia wiki hii nakupeleka mimi. Mathe hakusema ndio wala la. Alimnunulia helmeti. Kwa mathe hiyo ni hotuba nzima.

Jumapili jioni nikaamua kubadilisha padi za breki ya mbele, nione kila kitu kiko sawa kabla sijambeba mtu. Sijui kama mnaona ubaya wa hiyo sentensi. Padi za zamani zilikuwa zimeisha lakini si sana, zingefika Jumatano. Lakini nilitaka nimpeleke na breki mpya.

Kazi yenyewe ni rahisi. Unatoa padi nyembamba, unasukuma pistoni za kalipa zirudi ndani ili padi nene zipate nafasi, unaingiza mpya, unafunga bolti. Nikasukuma pistoni. Nikaingiza padi. Nikafunga bolti, nikazikagua mara mbili. Stima zikapotea. Mathe akaniita chakula. Nikafunika pikipiki, nikanawa mikono, nikala.

Ambacho sikufanya ni kubana leva. Ukishasukuma pistoni ndani, zinakaa mbali na diski. Zile bano mbili tatu za kwanza za leva hazishiki chochote. Zinasukuma tu mafuta ya breki mpaka pistoni zirudi zigusane na padi, padi ziguse diski. Unatakiwa kuzimaliza hizo bano pikipiki ikiwa imesimama, wewe umechuchumaa hapo chini na kikombe cha chai. Mimi ya kwanza niliifanya saa kumi na mbili na nusu asubuhi, sistangu akiwa nyuma, kwenye kale kamteremko ka kutoka geti letu mpaka barabarani.

Leva ikaja mpaka kwenye mpini. Laini kabisa. Kama kubana mkate.

Mbele yetu kulikuwa na matatu inashusha watu na mkokoteni wa maji unavuka. Sikufikiria kitu. Mguu ulikanyaga breki ya nyuma wenyewe, gurudumu la nyuma likafunga, likaanza kuteleza upande, mkono bado unabana leva kwa woga tu, na hiyo bano ya pili au ya tatu ndiyo iliyopata presha. Tukasimama. Tairi la mbele lilikuwa limegusa mtungi wa mwisho kwenye mkokoteni. Mwenye mkokoteni akanitukana vizuri, kwa utaratibu, bila haraka, na nilikubaliana naye kwa kila neno.

Hakuna aliyeumia. Naandika hivi kwa sababu hakuna aliyeumia. Ingekuwa vingine nisingekuwa na la kuandika.

Sistangu alishuka. Akatoa helmeti akaishika kifuani. Akaniuliza, "Ilikuwa imeharibika?"

Ningesema ndiyo. Ilikuwa rahisi sana kusema ndiyo. Miezi michache nyuma, ningesema fundi amenifanyia kazi mbaya, na hata wewe ungeamini. Lakini hakukuwa na fundi. Bolti zote zilikuwa zangu.

"Hapana," nikamwambia. "Ni mimi nilisahau."

Akapanda matatu.

Mathe alijua siku ya tatu, kutoka kwa keataka, si kutoka kwangu. Hilo bado linaniuma kuliko ule mkokoteni. Hakunipigia kelele. Aliniuliza kama nimeshajua nilichokosea, nikamweleza kuhusu pistoni na leva, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Na nani alikuwa anakuangalia ukifanya?" Nikasema hakuna mtu. Akasema, "Haya."

Ni swali zuri kuliko yote niliyoulizwa kuhusu pikipiki. Gereji hata ile mbovu ina mtu wa pili anayepita akasema wewe, hiyo umekaza? Nyumbani uko peke yako, una njaa, stima zinapotea. Nimeona watu wakisema kujitengenezea ni kuokoa pesa. Si kweli, angalau mwaka wa kwanza; spana nilizonunua tangu hapo, pamoja na ile ya kupimia mkazo wa bolti, zimepita gharama ya sevisi za mwaka mzima. Wengine wanasema ni hatari, peleka kwa fundi. Hilo pia silikubali, maana fundi ndiye aliyenifanya nipitwe na kreti za soda nikiwa nimemlipa. Ninachojua ni kwamba nikifunga mwenyewe, lazima nijikague kana kwamba simwamini aliyefunga.

Kuna fundi mmoja mzee Kariobangi ambaye sai namwendea kwa mambo ya valvu, kwa sababu pale kipimo ni sehemu za mia za milimita na mimi bado mkono wangu ni wa kupimia kwa rula ya shule. Ananiruhusu nisimame nitazame. Nilipomsimulia habari ya breki hakushangaa hata. Akaniuliza, "Kijana, ufunguo ulikuwa wapi?" Nikamwambia, kwenye mfuko wangu, mzee. Akasema hapo ndipo ulipokosea. Yeye ufunguo wa pikipiki ya mteja anaufunga kwa kamba kwenye ile sehemu aliyofungua. Ukifungua kalipa, ufunguo unaning'inia kwenye kalipa. Hauutoi mpaka umalize na ujaribu. Kwa hiyo hata stima zipotee, hata uitwe chakula, asubuhi huwezi kuwasha bila kuinama pale pale ulipoachia.

Nafanya hivyo sasa. Kamba yangu ni ya kiatu, nyekundu. Na nikimaliza namwita keataka, ambaye hajui lolote kuhusu pikipiki, namwambia ashike leva abane, huku mimi nasukuma. Anafurahia sana hiyo kazi. Ameanza kujiita injinia.

Sistangu alirudi kupanda baada ya wiki sita, bila kubembelezwa. Alitoka tu na helmeti. Lakini kabla hajapanda alikuja mbele, akanyoosha mkono akabana leva ya breki mara tatu, akiitazama, kisha akazunguka akapanda nyuma. Anafanya hivyo kila Jumatatu. Simwambii kitu. Nazima injini, nasubiri amalize.